Koti la Kuazima, Masikio ya Kuazima

Ndugu msomaji, nianze kwa kuungama. Mimi pia nilitaka usiku wa kifahari. Nilisikia kwamba wanamuziki wanne kutoka Ulaya, wa violini na selo, watapiga muziki wa klasiki katika ukumbi mmoja kando ya ziwa hapa Mwanza. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kuonekana mtu.

Nikaenda Mlango Mmoja kupekua mitumba mpaka nikapata koti jeusi. Mikono ilikuwa mifupi, lakini nikajisemea gizani nani ataona? Viatu nikaazima kwa mshikaji. Mchumba wangu akashinda saluni siku nzima. Kutoka Kirumba tukakodi teksi, maana daladala, eti, ingetushushia hadhi.

Tukakaa. Muziki ukaanza, ukapanda, ukatulia, ukanyamaza. Nikapiga makofi. Peke yangu! Kumbe kazi ilikuwa haijaisha. Muziki ule hugawanywa sehemu, mara nyingi nne, na makofi husubiri mwisho. Watu wakageuka. Mchumba wangu akainamia mkoba wake kama anayetafuta ufunguo. Kuanzia hapo sikusikia nota hata moja. Nilikuwa nalisikiliza koti langu.

Njiani akaniuliza, "Umeupenda?"

"Mzuri sana."

"Uzuri wake uko wapi?"

Nikakosa la kusema. Mimi, ambaye nimeandika hadithi tatu za mapenzi, na katika zote tatu shujaa anampeleka msichana penye mishumaa na "violini laini"! Violini niliyoiandika nilikuwa sijawahi kuisikia.

Hapa ndipo ninapogombana nanyi, waandishi wenzangu. Kijiweni kwetu kuna makundi mawili. La kwanza linasema klasiki ni suti, glasi yenye shingo ndefu na kunong'ona. La pili linasema klasiki ni muziki wa wazungu, hautuhusu, tuachane nao. Nasema yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: hakuna linalosikiliza.

Nianze na la pili. Shangazi yangu anauza dagaa pale mwaloni Kirumba. Kila inapokaribia Krismasi anaimba sauti ya pili katika Haleluya ya Handel, kazi iliyosikika hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin mwaka 1742. Ameisoma kwa do-re-mi kwenye karatasi iliyofifia kwa kunakiliwa mara nyingi. Akikosea, mwalimu wa kwaya anawasimamisha wote, wanarudia. Nani atamwambia shangazi kwamba muziki ule haumhusu? Na kule Kinshasa, Armand Diangienda alianzisha okestra ya simfoni ya Wakimbangu mwaka 1994. Nyuzi za violini zilipokosekana, wakafunga nyaya za breki za baiskeli. Wakampiga Beethoven hivyo hivyo. Hawakusubiri suti.

Sasa la kwanza. Jamani, klasiki si nguo. Ni muziki wenye kanuni, wenye walimu, wenye miaka ya kujifunza, na wenye wasikilizaji wanaojua lipi zuri na lipi bovu. Kwa kipimo hicho, ziwa letu limezungukwa nao. Mengo, kwa Kabaka, kulikuwa na entenga: ngoma 15 zilizopigwa na watu sita, 12 kati yake zikitungiwa sauti kama vidole vya kinanda. Jeshi la Obote lilipoivamia ikulu ile Mei 1966, wapigaji wakatawanyika. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria, alisafiri kutoka Ulaya kwenda kuwa mwanafunzi wa Evaristo Muyinda, mpiga ala wa ikulu hiyo. Mzungu alikuja kusomea klasiki kwetu, sisi tuko Mlango Mmoja tunatafuta koti.

Vukeni Kagera. Kuna nanga, ubao uliochimbwa kama hori na kupitishiwa uzi huku na huku, na juu yake mwimbaji anaimba utendi wa mashujaa usiku. M. M. Mulokozi alizifanyia tendi hizo tasnifu nzima Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Wangapi kati yetu tunaojiita washairi tumewahi kuketi mbele ya nanga?

Na hapa hapa, kilomita kama 20 tu kutoka mjini, kuna Bujora. Padre David Clement, Mkanada, alianza kazi pale miaka ya 1950, akakusanya ngoma za watemi na urithi mwingine wa Wasukuma. Kila Juni huwa kuna Bulabo, Bagika na Bagalu wanashindana kucheza kwa wakati mmoja, na watu huhamia upande ulio bora. Ukumbini kosa langu lilikuwa kupiga kelele mapema. Bulabo, kosa ni kukaa kimya kama umemeza jiwe la Bismarck. Kila muziki mkubwa una adabu yake, na adabu hiyo ndiyo umaridadi. Hainunuliwi kwenye mtumba.

Basi, unataka usiku wa kifahari? Nakupa mpango. Wiki moja kabla, itafute kazi itakayopigwa, isikilize mara tatu kwenye simu. Muulize anayejua sehemu zake ni ngapi. Fika mapema. Vaa nguo safi inayokutosha. Panda daladala. Mwenzako akikuuliza uzuri uko wapi, umwoneshe mahali. Halafu Juni mpeleke Bujora, nako ufanye vivyo hivyo.

Nanyi mnaoandika: kabla ya kuandika violini, isikieni. Kabla ya kuidharau nanga, isikieni. Fasihi ya vijana wa mji huu haitakua kwa vitu tulivyoviona kwenye filamu.

Koti nimempa mdogo wangu, yeye linamtosha. Jumamosi nakwenda kwenye mazoezi ya kwaya ya shangazi. Nimeambiwa nikae nyuma, ninyamaze, nisikilize.