Jiko linabadilika, sigara imebaki ndani

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na tangu hapo madhara ya moshi wa kuni na mkaa yanazungumzwa kila mahali. Lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Kwa mama wa Kilwa Kivinje mwenye mtoto wa pumu hiyo ni habari njema, maana moshi wa jikoni ni moja ya vitu vinavyomletea mtoto kubanwa kifua. Lakini mtungi wa gesi hautoshi ikiwa baba au babu anavuta sigara ukumbini.

Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kuvuta hospitalini, shuleni na kwenye vyombo vya usafiri wa umma. Mtoto akipelekwa hospitali ya Kinyonga, sheria inamlinda. Akirudi nyumbani, haimfuati.

Nyumbani kuna ugumu mwingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanaotumia tumbaku ni asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake. Yaani anayevuta mara nyingi ni mwanaume, na anayeamka usiku kumshika mtoto anayehema ni mama au bibi. Ushauri wa "acha sigara" unamfikia asiyevuta, tena ambaye pengine hana sauti ya mwisho ndani ya nyumba. Kumwambia mama "linda mwanao" bila kuligusa hilo ni kumtwisha mzigo tu.

Njia za hewa za mtoto mwenye pumu huwa zimevimba kwa ndani hata siku ambayo anacheza vizuri. Moshi ukiingia, uvimbe unazidi, misuli inabana, makohozi yanaongezeka. Naye mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo anavuta moshi mwingi zaidi.

Kufunga mlango wa chumba hakusaidii sana. Katika nyumba zetu nyingi za pwani kuta za ndani hazifiki juu kabisa, kwa hiyo moshi wa ukumbini unapita juu ya ukuta hadi kitandani. Dirisha wazi na feni havitoshi pia. Sehemu kubwa ya moshi haionekani na hukaa saa kadhaa. Hata barazani, upepo unaurudisha ndani. Masika ndiyo mbaya zaidi: mvua inawaingiza watu wote ndani, na sigara zao.

Kinachosaidia ni nyumba nzima kuwa bila moshi, siku zote, kwa wenyeji na wageni. Usianze kwa kumtaka mzee aache kabisa. Mwombe kwanza avutie mbali na mlango na madirisha, kisha anawe mikono na abadili shati kabla ya kumpakata mtoto. Usiliseme wakati mtoto amebanwa na kila mtu amepandwa na hasira. Siku ya kliniki, mwombe baba aje naye. Neno la daktari halimfanyi mkwe aonekane amekosa adabu. Kisahani cha majivu nacho kiondoe mezani, maana kinawakaribisha wageni kuvuta.

(Udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma ni moshi vilevile. Kwa mbu tumia chandarua. Udi fukizia wakati mtoto hayupo.)

Nyumba ikiwa safi, dawa alizoandikiwa ziendelee kama kawaida, na pampu ya pumu ikae mahali ambapo kila mlezi anapajua. Ukiona mbavu zinaingia ndani anapopumua, hawezi kumaliza sentensi au kunywa, au midomo inageuka rangi, mpe pampu kama alivyoelekeza daktari na mpeleke hospitali hapohapo, hata kama ni usiku wa manane.