Kiingereza na Sitara ya Mama



Mpenzi msomaji, hivi karibuni niliketi katika chumba cha kungojea cha zahanati moja hapa Eastlands, Nairobi. Kando yangu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa pwani, amevaa buibui lake, na mwanawe wa kiume wa miaka kumi na mmoja hivi. Alipewa fomu ya Kiingereza aijaze. Akampa mtoto kalamu. Mtoto akawa anasoma swali na kulifasiri, mama anajibu, mtoto anaandika. Jina, umri na mtaa yalipita salama. Lilipofikiwa swali la tarehe ya hedhi ya mwisho, mtoto alinyamaza, akamtazama mama yake, kisha akainamisha macho. Mama alifahamu. Aliikunja ile karatasi, akasema watarudi siku nyingine, wakaondoka. Nami nilikuwa ningali natafuta namna ya kumsaidia bila kumwaibisha.

Utasema: kwa nini hakumwomba muuguzi amsomee kwa Kiswahili? Angeweza. Lakini chumba kilijaa watu, naye aliona haya kudhihirisha kwamba hajui. Haya hiyo ndiyo iliyomrudisha nyumbani na ugonjwa wake.

Tumezoea kusema kwamba Kiingereza ni cha kutafutia kazi, cheo au safari. Ni kweli, lakini sababu hizo humfanya mama wa nyumbani adhani kwamba lugha hiyo haimhusu. Ziko sababu zilizo karibu naye zaidi. Ya kwanza ni hiyo sitara. Mwili wa mama, maradhi yake na siri za ndoa yake si mambo ya kupitia kinywani mwa mtoto. Mtoto anapokuwa mkalimani wa mzazi, hubebeshwa asiyostahili kuyajua, na mzazi hupungukiwa na haiba yake.

Sababu ya pili ni mali. Mkataba wa nyumba ya kupanga, karatasi ya mkopo wa biashara ndogo na ujumbe wa simu kutoka benki, mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuamrisha tuandike madeni yetu kwa uadilifu na tuweke mashahidi. Je, maandishi yatamlinda vipi anayetia sahihi asilolisoma? Wangapi wamegundua masharti ya riba baada ya kutia sahihi?

Sababu ya tatu ni watoto wetu. Shuleni, kuanzia madarasa ya kati, masomo karibu yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Nje, katika mitaa hii ya Eastlands, watoto huzungumza Sheng. Nyumbani mama ana Kiswahili chake fasaha. Mama asiyeweza kusoma barua ya mwalimu huambiwa na mtoto kile tu ambacho mtoto anapenda aambiwe.

Wako wazee wetu walioiogopa lugha hii, nao walikuwa na sababu. Zama za ukoloni, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamishonari, na mzazi Mwislamu alichelea kumpeleka mwanawe kusoma akarudi na dini nyingine. Lakini wanazuoni wetu walitenganisha lugha na itikadi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu watafute elimu za kisasa, na papo hapo akawaonya wasiwaige Wazungu kwa upofu. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui (1933–2014), alikuja kuwa miongoni mwa wanazuoni wa Kiafrika wanaosomwa sana kwa Kiingereza. Na mbele yao wote tuna mfano wa Zayd bin Thabit (R.A.). Mtume (S.A.W.) alimwamuru ajifunze lugha ya Mayahudi, ili barua zisomwe na kuandikwa na mtu wake mwenyewe wa kuaminiwa. Imepokewa na Tirmidhi kwamba alijifunza kwa muda wa nusu mwezi. Hakuacha kuwa Ansari kwa sababu hiyo, wala ulimi wake wa Qur'ani haukuharibika.

Ugumu upo, tusidanganyane. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, lakini Kiingereza sivyo. Maneno "cough", "though" na "through" yote humalizika kwa herufi nne zile zile, na kila moja lina sauti yake. Sisi tuna "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke, wao wana "he" na "she", na ndiyo maana mwanafunzi humwita mama yake "he" akachekwa. Tena muda ni mchache. Mama anayeamka kabla ya alfajiri, akaenda kuuza nguo Gikomba na kurudi magharibi, atasoma saa ngapi?

Lakini mgumu kuliko sarufi yote ni ule mcheko. Dada anakosea neno moja katika mkutano wa wazazi, na watu wanatazamana. Mume anacheka, watoto wanaiga. Tangu siku hiyo mdomo wake unafungwa. Na akitajiwa darasa la watu wazima, hujibu kwamba hataki kuitwa mtu wa ngumbaru.

Hebu tukumbuke chuoni. Mtoto anapoanza Qur'ani, hushindwa kuitoa "thaa" na "dhaal". Mwalimu humwambia aweke ncha ya ulimi baina ya meno, arudie mara kumi, mara ishirini. Hakuna anayemwona mjinga, kwa kuwa kila mmoja alipita hapo. Na sauti hizo mbili ndizo zilizo katika maneno "three" na "this", ambazo wageni wengi wa Kiingereza huzihangaikia. Mama aliyesoma chuoni anazo tayari mdomoni. Linalomkosa ni ile subira tuliyopewa chuoni.

Basi tuanze nyumbani. Baada ya Magharibi, mtoto amfundishe mama maneno matano, kwa adabu, na mama amsahihishe mtoto Kiswahili chake. Tuanze na maneno ya haja: viungo vya mwili, maradhi, tarehe, kodi, deni. Kina mama wanaokutana kwa darsa kila wiki watenge nusu saa, na binti mmoja aliyesoma awafundishe. Na mume anayecheka na ajue kwamba anaifungulia siri ya nyumba yake njia ya kutoka.

Wakati tunajifunza, tusisahau haki yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Anayekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, na mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama hupewa mkalimani bila malipo. Kumwambia mtumishi wa ofisi ya umma, "Tafadhali nieleze kwa Kiswahili," si kuomba sadaka. Hapa hapa Pumwani, mtaa uliopangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wako kina bibi Waislamu waliojenga na kumiliki nyumba zao, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha na majirani wa kila kabila. Lugha hiyo haimtii mtu aibu.

Natamani mama yule arudi zahanati. Akirudi, na ajaze fomu kwa mkono wake, au aombe kusomewa kwa Kiswahili bila ya kuinamisha uso, na mwanawe amngojee nje akicheza.

Ewe Mola wetu, utuzidishie elimu yenye manufaa, na utusitiri duniani na akhera. Amin. Wabillahi tawfiq.