Shati Jeupe Halisemi Uongo

Nashika kalamu kukosoa usemi mmoja niliousikia Migori, nikausikia tena Homa Bay. Mtu akilalamika kwamba picha yake imetoka nyekundu kama udongo, huambiwa, "Printa haina makosa. Wewe ni mweusi mno!"

Maoni yangu ni kwamba huo ni uongo, na sisi wanafunzi tunauvaa ushahidi kila siku: shati jeupe la shule. Ngozi ya mtu haiwezi kulipaka shati rangi. Shati likitoka la waridi au la kijani, basi picha nzima imepotoka, na chanzo ni mwanga, wino au karatasi. Naam, uso ukikosa mwanga hutoka giza. Dawa yake ni kuongeza mwanga, si kuilaumu ngozi.

Kwanza tazameni picha kwenye simu. Kama shati ni la manjano humo humo, laumuni balbu ya chumbani. Pigeni tena nje, kivulini. Lakini kama kwenye simu ni jeupe na karatasini limegeuka, shida iko kwa printa. Printa za nyumbani huchanganya wino wa samawati, wa waridi iliyokoza, wa manjano na mweusi. Matundu ya samawati yakiziba, picha huwa nyekundu. Ya waridi yakiziba, huwa ya kijani. Manjano ikikosekana, huwa ya buluu. Mwenye printa achapishe ukurasa wa majaribio. Mistari ikikatika, aiamuru mashine ijisafishe. Kisha ahakikishe aina ya karatasi aliyoichagua kwenye kompyuta ndiyo aliyoiweka. Si kazi ya kutwa! Ajizi, ndugu zangu, ni nyumba ya njaa.

Lawama hizi kwa ngozi hazikuanzia huku kwetu. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapa wachapishaji picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley, iwe kipimo cha rangi. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao ndio waliolalamika kwamba rangi za kahawia hazitofautiani vizuri, na filamu zikaboreshwa. Kadi ya Kodak yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja katika miaka ya 1990. Yaani chokoleti ilisikilizwa kabla yetu!

Mtasema, "Ah, picha ni picha tu, bora mtu atambulike." La hasha! Nendeni matangani. Picha inayowekwa kando ya jeneza ndiyo itakayobaki ukutani. Mjukuu atakayezaliwa kesho atamjua nyanya yake kwa picha hiyo. Kwa nini amjue akiwa na uso wa rangi ya matofali?

Basi, ukiambiwa eti weusi wako ndio umeharibu picha, usigombane na mtu. Iweke picha kando ya shati lako, kisha uulize kwa adabu: "Kaka, na shati nalo ni jeusi mno?"