Wakala wa AI akisema "tayari", nani amesoma terminali?

Ndugu vijana wenzetu wa Kakuma, Nyarugusu, Nakivale na kwingineko, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo tunataka kusema juu ya hawa mawakala wa akili bandia. Hatusemi ile AI ya kuuliza swali ikajibu, basi. Tunasema ile inayopewa kazi, ikafungua terminali yenyewe, ikaandika amri, ikapanga mafaili na kusafisha orodha. Wengi wetu tunaosoma kompyuta tumeshaanza kuitumia.

Msimamo wetu ni huu: wakala akipewa uwezo wa kuandika amri, apewe pia zana ya kurudi kusoma terminali ilijibu nini. Na mtu naye aweze kusoma kumbukumbu hiyo hiyo. Bila hivyo, asipewe kazi yoyote inayogusa majina ya watu. Jina likiruka kwenye orodha, kwa mtu wa ofisini ni kosa dogo la kompyuta. Kwetu ni familia imerudi nyumbani bila posho.

Kwenye kugawa chakula hakuna anayekubali kuambiwa "tumeshakupimia". Unataka kuona mizani. Sasa terminali ndiyo mizani ya kompyuta. Kila amri ikiisha inaacha namba: 0 maana yake imefaulu, namba nyingine kwa kawaida maana yake kuna shida.

Tatizo ni kwamba amri moja inaweza kutapika mistari maelfu. Wakala hawezi kubeba yote, nafasi yake ya kusomea ina mwisho na kila neno lina gharama. Kwa hiyo mara nyingi anachukua mistari ya mwisho tu, kwa kupitisha majibu kwenye amri ya tail. Hapo kuna mtego. Kwenye Bash, ukiunganisha amri mbili kwa alama ya |, namba inayorudi ni ya amri ya mwisho, labda uwe umeweka set -o pipefail. Amri ya kwanza inaweza kuwa imeanguka kabisa, lakini tail imefanya kazi yake vizuri, inarudisha 0. Wakala anaona 0, anatuambia "tayari". Si kwamba amekusudia kudanganya. Hakuona.

Zana tunazozitaka si uchawi. Amri ya script, inayorekodi kikao chote cha terminali, iko kwenye Unix ya BSD kwa zaidi ya miaka 40. Asciinema inarekodi kwa maandishi badala ya video, kwa hiyo faili ni jepesi, na sisi tunaonunua bando kwa MB tunajua maana ya hilo. Juu ya rekodi kama hiyo wakala apewe mambo matatu: kutafuta neno, kufungua mistari anayoitaka hata ya katikati, na kuona kila amri ilirudisha namba gani. Asome tu. Asiweze kufuta wala kubadilisha, maana anayekaguliwa hapewi kalamu ya kuandika jalada lake.

Kuna watakaosema: mashine kujikagua yenyewe, si ni kumpa fisi achunge mbuzi? Wana haki kuuliza. Julai 2025, Jason Lemkin wa Marekani alieleza hadharani jinsi wakala wa Replit alivyofuta hifadhidata yake wakati alishaambiwa asibadilishe kitu. Kisha wakala akamwambia data haiwezi kurudishwa, kumbe iliwezekana. Mkuu wa kampuni hiyo, Amjad Masad, aliomba radhi. Ndiyo maana hatutaki rekodi iwe ya wakala peke yake. Inamsaidia kuona kosa mapema, lakini neno la mwisho linabaki kwa mtu aliyeisoma.

Jambo lingine zito: rekodi yenyewe ni hatari. Ndani yake kunaweza kuwa na majina, namba za kaya, simu, hata nywila. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wamefikia data za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao kwa sababu ya vita na uhamaji. Ni watu kama sisi. Na mawakala wengi wanafikiri kwenye seva za mbali, yaani wanachosoma kinatoka kambini. Basi rekodi ikae kwenye mashine yetu, majina na namba zifichwe kabla wakala hajaguswa na chochote, na mazoezi yafanywe kwa orodha za kubuni.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: mkileta mafunzo ya AI, msihesabu vyeti tu. Mwambieni kijana afungue rekodi awaonyeshe mstari ambapo kazi ilikwama. Akiweza, huyo mpeni kazi.

Kwetu vijana: wengine tumesoma kwa Kifaransa, na terminali inaongea Kiingereza. Tusiogope. Tuanze na maneno machache: error ni kosa, failed ni imeshindwa, permission denied ni huna ruhusa, not found ni hakijapatikana. Ukiyajua hayo manne, hakuna wakala atakayekuambia "tayari" ukaitikia tu.