Chini ya maji, usiachane na mwenzako



Kuna watu wanaosema ya kuwa mzamiaji hodari hana lazima ya kukaa karibu na mwenzake. Mimi siyakubali maneno hayo. Chini ya maji mwenzako ni chombo cha usalama, sawa na chupa ya hewa unayobeba mgongoni. Na chombo ambacho mkono haukifikii hakifai kitu.

Tufanye hesabu. Kwenye mita 10, kila pumzi inakula hewa mara mbili kuliko juu. Kwenye mita 20, mara tatu. Chupa ya kutosha saa moja juu, huko chini ni ya dakika 20 tu. Hewa ikikatika, utaogelea mita ngapi bila pumzi kumfikia mwenzako akupe hewa yake? Kuita huwezi. Tena, kuanzia karibu mita 30, azote huweza kulevya akili kama pombe. Mlevi hajijui, mwenzake ndiye anayemwona na kumpandisha.

Basi, ukizamia katika ziwa Tanganyika au baharini, shika haya:

— Kabla ya kuingia, kila mtu akague vyombo vya mwenzake, na mupatane alama za mikono.

— Mukae ubavu kwa ubavu. Anayekwenda polepole ndiye anayeongoza mwendo.

— Mukipoteana, tafuta dakika moja tu, kisha panda polepole, mutakutana juu. Usizuie pumzi: hewa inapanuka na kupasua mapafu.

Sisi wa mine tunajua faida ya kushuka wawili. Majini pia iwe vile vile.