Wekeni Muziki, Acheni Msumeno

Nasema wazi, na atakayenuna na anune: kijana anayekata dashibodi ya Land Rover 109 ili apachike redio mpya anaharibu. Asituzuge kwamba huo ndio usasa.

Sisemi muziki ni dhambi. Wapo wazee, Mbeya na Iringa, wanaotaka gari la zamani libaki kama lilivyotoka kiwandani, hata redio lisipewe. Siwaungi mkono. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 300. Upite Mafinga kwenye baridi ile, upite Makambako na Igawa, unasikiliza mngurumo wa injini tu? Wapi! Gari ni la kutembelea, na msafiri ana haki ya kumsikia Mbaraka Mwinshehe.

Ugomvi wangu ni na msumeno. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Leo gari lenye sifa hiyo linatobolewa milango kama chujio, eti spika zitoshe! Na sisi vijana wa kalamu tumo. Tunaandika mashairi ya kulilia ngoma za mababu, halafu Jumamosi tunashika tindo kutoboa gari la babu.

Tena ujuzi wenyewe haupo. Dainamo ya Land Rover ya miaka ya 1960 hutoa kama ampea 22, yaani wati 260 hivi. Washa taa kubwa, weka waipa, mvua ya Mbeya inakupiga. Kinachobaki ni kidogo. Wewe unabandika amplifaya iliyoandikwa wati 1000! Asubuhi unaomba watu wakusukume. Nyingine kati ya hizo upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, wakati redio za leo zinataka hasi. Ukiunga kwa pupa, redio inaungua kabla hujasikia wimbo.

Halafu kuna moto. Land Rover nyingi za zamani tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele. Fundi anapitisha waya usio na fyuzi papo hapo, na wewe unamlipa kwa furaha! Na ukiteremka Kitonga huku besi inatikisa vioo, honi ya lori lililokatika breki nyuma yako utaisikiaje?

Njia ya kistaarabu ipo. Badili dainamo, weka alteneta, ile ya zamani itunze. Tafuta redio ndogo inayopokea nyimbo kutoka kwenye simu bila waya, uifiche ndani ya kisanduku cha dashibodi. Spika zijengee boksi la mbao, ulikaze kwa mikanda nyuma ya viti. Nyimbo nyingi za Radio Tanzania zinabebwa na sauti za waimbaji, magitaa na saksafoni; spika mbili safi zinazitosha kuliko pipa la besi kwenye buti.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla fundi hajagusa gari muulize maswali matatu. Fyuzi itakaa karibu na betri? Umeme wa gari unauweza mzigo huu? Siku nikiutoa muziki, gari litarudi kama lilivyokuwa? Akianza kujikuna kichwa, chukua funguo zako uondoke.