Tuwaunge Mkono Wanaolinda Chemchemi za Gusii

Ndugu zangu wa Kisii na Nyamira, eneo letu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na bado kuna akina mama wanaoshuka bondeni alfajiri kupanga foleni kwenye chemchemi inayodondoka kidogo kidogo. Mvua haijatukimbia. Iliyoondoka ni miti ya asili kwenye vyanzo vya maji na kingo za mito, na pahali pake tumepanda mikaratusi.

Simtukani aliyeipanda. Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe gari moshi, na huku kwetu umelipa karo ya watoto wengi. Unapandwa leo, na baada ya miaka michache mzazi anauza nguzo, mbao za kujengea, au kuni za kukaushia majani chai viwandani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii pekee, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Shamba la babu limegawiwa wana, wana nao wakawagawia wajukuu, na aliyeangukiwa na kipande chepechepe kule chini, mahali ambapo mahindi hayastawi, alipanda mti usiomsumbua. Kosa letu ni pahali tulipouweka. Mti wenye kiu kubwa namna hiyo haufai kusimama juu ya chemchemi.

Amri tumezisikia. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye ardhi chepechepe. Mwaka huohuo kanuni za kilimo zikamtaka kila mwenye shamba atenge asilimia 10 kwa miti, na Katiba ya 2010, katika ibara ya 69, ikampa kila mtu wajibu wa kushirikiana na serikali kulinda mazingira. Miti mingi ingali pale pale mtoni. Amri humwambia mkulima akate, lakini haimwambii atamlipia mtoto karo kwa pesa gani.

Swali hilo ndilo linalojibiwa na vikundi vya mazingira vya vijijini, na kwa sababu hiyo ninavipenda. Havina magari wala ofisi za kujivunia. Vina kitalu cha miche, na vina subira ya kukaa na mwenye shamba mpaka waelewane: mikaratusi ihamie mlimani, mbali na maji, na kando ya mto kuwe na mianzi atakayoivuna na kuiuza, pamoja na miti ya asili kama mkuyu, omotembe na omosocho. Vinazungumza kwenye baraza la chifu na baada ya ibada. Shuleni vinawakabidhi watoto miche waitunze, na mtoto aliyetunza mche hukosa usingizi mbuzi wa jirani akiufikia. Njia hii Profesa Wangari Maathai aliianza mwaka 1977 na wanawake wa vijijini, na haijachakaa.

Misitu tuliyobaki nayo ni michache: Nyangweta huko Mugirango Kusini, na miti iliyosalia kwenye vilima kama Manga na Kiabonyoru. Mto Gucha unaanzia nyanda za juu za Nyamira, unapita Kisii na kwenda kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Tukiukausha huku juu, jirani zetu wa Migori watakosa maji bila kosa lolote lao.

Kwa hiyo ninawaomba. Wewe mwenye shamba linalopakana na mto, acha angalau mita 6 zinazotakiwa na sheria, na uanze kwa kubadilisha safu moja ya miti iliyo karibu zaidi na maji. Mwalimu, fungua lango la shule kwa watu wa kitalu. Nanyi wana na mabinti wetu mlioko Nairobi, Mombasa na kule Minnesota, mnapotuma pesa za harambee ya msiba au arusi, tumeni pia kidogo za kikundi cha kijiji chenu.

Mvua ndefu huanza Machi, na miche ya kupandwa wakati huo huandaliwa miezi kadhaa kabla. Kitembeleeni kikundi cha kata yenu mapema, mkiwa na mbegu, samadi, au asubuhi moja ya kazi ya mikono.